Polenta Ni Ugali Wenye Pasipoti

Mwezi uliopita nililipwa doo yangu ya kwanza ya maana kutokana na kazi ya video. Nikajiambia, leo lazima mathe ale mahali hajawahi kula. Hapa Kenya neno "hoteli" lina maana mbili. Kuna hoteli ya chapo madondo pale steji, ambayo haina hata kitanda kimoja, na kuna hoteli yenyewe, ile ya kufunguliwa mlango na mtu amevaa glavu. Mimi nilikuwa nataka ya pili. Nikapata meza kwa mkahawa wa Kiitaliano ndani ya hoteli moja ya kifahari hapa Nairobi.

Mathe alivaa nguo ya kanisa. Akashika menyu kama mtu ameshika karatasi ya mtihani. Mwishowe akachagua nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa mvinyo, inayoletwa na polenta.

"Polenta ni nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni kitu cha Kiitaliano. Ni tamu," nikajibu. Sikuwa najua chochote.

Sahani ikafika. Nyama kidogo katikati, mchuzi umechorwa kama sahihi ya gavana, na chini yake kitu laini, cha njano. Mathe akaonja. Akatulia. Akaonja tena.

"Si hii ni ugali?"

Weita, kijana wa rika langu, akatabasamu kwa adabu. "Ni polenta, mama. Inapikwa na unga wa mahindi, inakorogwa polepole, halafu inawekwa siagi na jibini."

"Unga wa mahindi," mathe akasema. "Basi ni ugali."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasukuma sahani kidogo, akasema, "Hii rangi mara ya mwisho niliila ilikuwa themanini na nne."

Tulipofika nyumbani ndiyo akaniambia vizuri. Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa, mahindi yakakaukia shambani, na serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Yeye alikuwa na miaka 9. Anasema walikula ugali wa njano hadi wakachoka hata kuuangalia, na ulikuwa na harufu ya gunia. Hadi leo, kwa mathe, njano ni rangi ya njaa.

Kwa hivyo mimi nilimvalisha mamangu nguo nzuri, nikamweka kwenye kiti cha ngozi, nikalipa elfu tatu na mia mbili, halafu nikampelekea 1984 kwa sahani. Hiyo kitu ilinisumbua. Nikaanza kusoma. Na vile nilizidi kusoma, ndivyo niligundua kwamba mathe hakuwa amekosea hata kidogo. Alichoona kwenye ile sahani ndicho wakulima wa kaskazini mwa Italia waliona kwa zaidi ya miaka 150: njaa.

Tuanze na majina. Sisi tunaita mahindi, neno linalotupeleka India. Waitaliano wanaita granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Wote tumedanganywa. Mahindi hayatoki India wala Uturuki. Asili yake ni Mexico, ambako watu walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita. Baada ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492, mbegu zikafika Ulaya, na katika karne ya 16 mahindi yakawa yanalimwa maeneo ya Venice. Huku kwetu, Wareno ndio husemekana waliyaleta pwani karne hiyo hiyo. Kitu kikija kwa meli, watu hukipa jina la yule wanayedhani amekileta.

Lakini polenta ni ya kale kuliko mahindi. Warumi walikuwa na uji mzito wa ngano walioita puls. Baadaye wakulima wakasonga polenta ya mtama, ya kastania, ya nafaka yoyote iliyopatikana. Hapo nikakumbuka shosho zetu, kwa sababu ugali nao ni wa kale kuliko mahindi. Ulikuwa wa wimbi. Ulikuwa wa mtama. Mahindi yaliingia kwa sufuria ambayo tayari ilikuwa motoni, huku na kule.

Sasa, kwa nini mahindi yalishinda kule Italia? Si kwa sababu ya utamu. Shamba la mahindi lilitoa chakula kingi kuliko shamba la ngano la ukubwa uleule. Na shamba halikuwa la mkulima, lilikuwa la bwana. Kwa hivyo hesabu ikawa rahisi: ngano inauzwa, faida inaenda kwa bwana, na anayelima anabaki na mahindi. Asubuhi polenta, mchana polenta, jioni polenta. Kitoweo kilikuwa cha siku kuu. Hadi leo watu wa kusini mwa Italia wakitaka kuwachokoza wa kaskazini huwaita polentoni, yaani wala polenta. Fikiria mtu anakutusi kwa kukuita "mla ugali."

Halafu watu wakaanza kuugua. Ngozi ilichubuka na kugeuka nyeusi pale jua linapopiga: mikononi, shingoni, usoni. Tumbo likaharibika. Baadaye akili ikavurugika, na mwisho ni kifo. Mwaka 1771 daktari wa Milan, Francesco Frapolli, aliandika kuhusu ugonjwa huo kwa jina la wakulima wenyewe, pelagra, yaani ngozi kali. Mwandishi Mjerumani Goethe, alipokuwa njiani kuingia Italia mwaka 1786, aliwaona wakulima wamepauka, na akashuku kwamba chakula chao ndicho kinawamaliza. Serikali ilipohesabu wagonjwa mwaka 1881, walikuwa zaidi ya 100,000.

Wasomi walibishana miaka na miaka. Cesare Lombroso, daktari aliyekuwa na jina kubwa sana wakati huo, alishikilia kwamba shida ni mahindi yaliyooza. Ni rahisi kulaumu gunia lenye ukungu kuliko kuuliza kwa nini mtu anakula kitu kimoja mwaka mzima. Jibu lilikuja baadaye na kutoka mbali. Kule Marekani, daktari Joseph Goldberger alionyesha katika miaka ya 1910 kwamba pelagra inatokana na lishe duni ya maskini. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akagundua kinachokosekana: naiasini, ile tunaita vitamini B3. Mahindi yanayo, lakini imefungwa ndani, mwili hauwezi kuitoa.

Na sasa sikiza hii, kwa sababu hapa ndipo niliweka simu chini. Watu wa Mexico walikuwa wakila mahindi kwa maelfu ya miaka, na pelagra haikuwamaliza. Wao huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au jivu kabla ya kuyasaga. Hiyo chokaa ndiyo inafungua ile vitamini. Wazungu walibeba mbegu, wakaacha maarifa. Waliona wanawake wakifanya kazi ya jikoni, hawakudhani hiyo ni sayansi. Bei ya dharau hiyo ililipwa na wakulima wa Venice na Lombardy kwa ngozi zao.

Shosho wangu naye hakuwa na chokaa, lakini alikuwa na githeri. Maharagwe yana protini ambayo mahindi peke yake hayana ya kutosha. Kwa hivyo siku ile mtu atakwambia githeri ni chakula cha watu wa msoto, mwambie kuna nchi nzima ya Ulaya ilihitaji githeri na haikuwa nayo.

Sawa. Swali langu kubwa likabaki: chakula cha watu waliokuwa wanakufa kilifikaje kwenye kiti cha ngozi, pale hotelini?

Mwanzoni hakikufika. Mtindo wa mkahawa wa fahari ndani ya hoteli, vile tunaujua, ulikomaa London baada ya Savoy kufunguliwa mwaka 1889, ilipokuja kuongozwa na César Ritz na mpishi Auguste Escoffier. Ritz mwenyewe, ambaye jina lake leo linamaanisha utajiri, alikuwa kitinda mimba kati ya watoto 13 wa familia ya wakulima huko Uswisi. Lakini chakula walichouza kilikuwa cha Kifaransa. Ukitaka kuonekana mtu, unakula Kifaransa. Hata karamu za mfalme wa Italia ziliandikiwa menyu kwa Kifaransa. Yaani mfalme wa Waitaliano alikuwa akiona aibu kuagiza chakula kwa lugha ya nyumbani. Huyo mtu namjua. Sote tunamjua.

Aliyeanza kugeuza mambo hakuwa mpishi. Pellegrino Artusi alikuwa mfanyabiashara aliyestaafu, anaishi Florence, hana mke wala mtoto, anapenda kula. Italia ilikuwa imeungana kuwa nchi moja mwaka 1861 tu, na watu wa pembe moja hawakujua wa pembe nyingine wanakula nini. Mwaka 1891, akiwa na miaka 71, alichapisha kitabu cha mapishi kwa pesa yake mwenyewe baada ya kukosa mchapishaji. Nakala 1,000. Wasomaji wakaanza kumwandikia barua, wanawake wengi, kila mmoja na vile kwao wanapika. Akawa anajaribu, anasahihisha, anaongeza. Mapishi yakatoka 475 hadi 790 kabla hajafa mwaka 1911. Kwa maoni yangu, huyo mzee ndiye mtengeneza maudhui wa kwanza wa chakula: hakuwa na bosi, alijilipia, alisoma jumbe za watu, akawajibu. Na alichofanya kilikuwa kikubwa, kwa sababu aliweka chakula cha nyumbani kwa maandishi, kwa Kiitaliano, bila kuomba msamaha.

Halafu wakaja watu wa hoteli. Giuseppe Cipriani alikuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja ya Venice. Mwaka 1931 akafungua baa yake, Harry's Bar, na mwaka 1958 hoteli iliyobeba jina lake. Siri yake ilikuwa kuwapa matajiri wa dunia vitu vya kawaida, ila vimefanywa kwa uangalifu mkubwa. Na Venice ndiyo mji wa ini na vitunguu juu ya polenta. Eneo lile lile la pelagra, umeona?

Lakini lililobadilisha kila kitu halikutokea jikoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika miaka ya 1950 na 1960, uchumi wa Italia ulipaa. Viwanda vikafunguliwa kaskazini, mishahara ikapanda, watu wakaweza kununua nyama na mkate mweupe. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa mkulima aliweza kusema, "leo sitaki polenta." Na alipoweza kuikataa, ndipo pia aliweza kuipenda. Leo mikahawa ya bei kali huko huuza chakula hicho kwa jina cucina povera, mapishi ya maskini, na hakuna anayeona haya. Mwaka 2005, mkahawa La Pergola, ulio ndani ya hoteli ya kifahari Roma, ulipata nyota tatu za Michelin. Mpishi wake mkuu, Heinz Beck, ni Mjerumani. Chakula ambacho mfalme alikionea aibu sasa kinawaleta wageni kutoka nje waje kukipika.

Sasa turudi nyumbani, maana historia yetu na hiyo nafaka haiko mbali sana na ya Venice.

Mahindi yalikuwepo Kenya kabla ya masetla, lakini hayakuwa mfalme. Ukoloni ndio uliyapandisha cheo. Masetla walileta mbegu za mahindi meupe, aina kama Hickory King, na mashamba makubwa yakaanza kulima ya kuuza. Mfanyakazi wa shamba na wa reli akalipwa sehemu ya jasho lake kwa posho, yaani unga wa kupimwa. Neno posho ni la mgao, halikuanza kama jina la chakula. Ngano kwa bwana, mahindi kwa anayelima: hesabu ni ile ile. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, mbegu ya chotara ya Kitale, H611, ikatolewa kwa wakulima, na hapo wimbi na mtama vikasukumwa ukutani. Siku hizi Mkenya akisema "hakuna chakula," mara nyingi anamaanisha hakuna unga.

Na hoteli za fahari? Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904, ikawa makao ya masetla na wawindaji. Enzi zile Mwafrika aliingia hoteli kama hizo akiwa amebeba sinia. Ubaguzi ulikuwa kanuni ya mji, haukuwa ajali. Kwa hivyo mathe alipoingia na nguo yake ya kanisa, akashika ile menyu kwa wasiwasi, wasiwasi huo haukuanza na yeye. Ni urithi.

Hata Waitaliano wenyewe wamewahi kuwa chini hapa. Ukishuka barabara ya Mai Mahiu utaona kanisa dogo kando ya njia. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano, wale waliokuwa wakichimba barabara hiyo kwa amri ya Waingereza. Hawakuwa wageni wa Norfolk. Huwa tunapita hapo kwa matatu, tunanunua mahindi choma, tunapiga picha ya bonde, na hatukumbuki.

Najua kuna mtu hapa anasema, "Relax, ulilipia kiti, muziki, na huduma." Ni kweli. Pia polenta nzuri hukorogwa karibu dakika 45, na ile jibini ya Parmigiano Reggiano hukaa angalau miezi 12 kabla haijauzwa. Yule weita alifanya kazi yake vizuri na mpishi pia. Sina kesi na hoteli. Kesi yangu ni na mimi mwenyewe. Kwenye menyu ile ugali haukuwepo, na mimi sikuona ajabu. Ungekuwepo, nisingeagiza. Ningesema sikuja mbali hivi kula ugali. Halafu nikalipa elfu tatu na mia mbili kula ugali, kwa sababu uliandikwa kwa lugha nyingine.

Watu wengi wanaposikia hivyo husema suluhisho ni kupandisha ugali cheo: uweke kwa sahani nyeusi, nyunyizia majani, uza elfu mbili. Mimi sikubali haraka hivyo. Italia ilianza kuringa na polenta baada ya watu kuacha kufa kwayo. Sisi tunaweza kuruka hiyo hatua, tukapamba umaskini wa watu ambao bado wanahesabu shilingi za pakiti ya unga. Sahani ileile ya mahindi ni anasa ukiichagua, na ni njaa ikiwa ndiyo peke yake. Mathe aliyajua hayo kwa kijiko kimoja. Mimi ilibidi nisome wiki tatu.

Tunachoweza kufanya sasa hivi ni kazi ya Artusi. Haihitaji nyota wala kiti cha ngozi. Shosho wengi bado wapo, na wanakumbuka ugali wa wimbi ulisongwa vipi, mboga gani za kienyeji ziliwekwa maziwa na kulazwa usiku, na walikula nini themanini na nne. Simu unayo. Rekodi. Andika kwa lugha yenu, na usiombe msamaha. Tukikosa kuandika sisi, siku moja mtu ataturudishia hivyo vitu kwa jina tusiloweza kutamka, na tutalipa.

Jumapili iliyopita nilimsomea mathe haya yote akiwa anasonga ugali, mweupe. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza mwiko mara ya mwisho, akafunika sufuria.

"Siku nyingine nipeleke tena pale," akasema. "Lakini nitachagua nikijua."